Dungu la Wisconsin: kwa nini Baba Zuhura anapanda mti

Sisi huku Wisconsin wazima, baridi tu ndiyo inayotuchapa. Najua nimekuwa kimya. Kibarua kimenibana, zamu za usiku zimefuatana kama mabehewa, nikirudi nyumbani nalala mpaka jua linazama. Lakini leo nina deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Juzi mama mkwe alinipigia simu. Kumbe wajukuu zake walimwonyesha ile picha ya Baba Zuhura akiwa juu ya mti, amevaa koti la rangi ya chungwa, bunduki mapajani. Basi mama akaniuliza, "Mwanangu, huko Marekani viti vimekwisha, mpaka mume wako apande mti kama nyani?" Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikamwambia, mama, hilo ni swali zuri na jibu lake ni refu. Nitaliandika, na watoto watakusomea.

Shikamoo mama. Hili hapa jibu. Na wengine mnaosoma ya mama yenu, karibuni, vuteni jamvi.

Nianzie nyumbani, maana kukaa juu hakukuanza Marekani. Wote tuliozaliwa Rufiji tunajua dungu. Kwa wasiolijua, ni kibanda juu ya nguzo ndefu, katikati ya shamba la mpunga bondeni, chenye sakafu ya fito, paa la nyasi au makuti, na ngazi ya miti. Mto ukifurika maji yanapita chini na wewe uko juu na watoto wako. Mpunga ukianza kuzaa unakaa humo kutwa kuamia ndege, na usiku unasikiliza nguruwe na viboko. Mwaka 1968 serikali ilipoanza Operesheni Rufiji, watu walihamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya juu ambako mafuriko hayafiki. Walihama, lakini mashamba yalibaki bondeni, kwa hiyo kila msimu watu walirudi kwenye madungu yao.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na dungu lake, na alikuwa mkali sana kuhusu fito. Zilipolegea au kukaa upande, hakuna kulala mpaka zifungwe upya. Mimi mtoto niliona ni usumbufu wa kizee. Siku moja nikamuuliza, bibi, si tunalinda ndege tu, kwani tunalala hotelini? Akanijibu, "Anayekaa vibaya hulinda vibaya. Mgongo ukiuma utashuka kuunyoosha, na ndege anakusubiri ushuke." Maneno hayo niliyasahau miaka mingi. Yamenirudia huku ughaibuni, na ndiyo moyo wa habari yangu ya leo.

Sasa tutoke Rufiji twende India, nitawarudisha Afrika Mashariki baada ya muda mfupi. Kule India wawindaji wa chui na simba-milia walikuwa na dungu lao, wao wanaliita machan. Mara nyingi lilikuwa ni kitanda cha kamba, kama vile vyetu vya pwani, kinapandishwa kwenye matawi na kufungwa, miguu yake ikielekezwa juu au chini kadiri mti ulivyo. Mwindaji anapanda jioni na kukesha humo. Mashuhuri kuliko wote ni Jim Corbett, aliyezaliwa Nainital mwaka 1875, aliyekuwa akiitwa vijijini kila palipozuka mnyama mla watu. Mara nyingi hakuwa na kitanda wala nini, alikaa kwenye tawi tupu usiku kucha.

Na hapa ndipo tunaporudi nyumbani. Corbett alihamia Kenya mwaka 1947 pamoja na dada yake, wakakaa Nyeri. Karibu na hapo kulikuwa na Treetops, nyumba ndogo iliyojengwa mwaka 1932 na Eric Sherbrooke Walker juu ya mti mkubwa wa mugumo, ili wageni wa hoteli yake waangalie tembo na vifaru usiku bila kuwapiga risasi. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alilala humo, na Corbett alikuwa miongoni mwa waliokuwa naye. Usiku uleule baba yake, Mfalme George VI, alifariki Uingereza. Alipanda mti binti mfalme, akashuka malkia. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, nyumba ile iliteketezwa kwa moto, na Corbett akafariki hukohuko Nyeri mwaka 1955. Kwa hiyo mama, mwanao si wa kwanza kupanda mti kwa ajili ya wanyama. Amewafuata wakubwa.

Lakini najua swali lako la pili hata kabla hujaliuliza: ruhusa ameipata wapi? Maana kwetu uwindaji ni habari ya kibali na askari wa wanyamapori. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji iliyodai vibali na kutenga hifadhi za mwanzo, mojawapo upande wetu wa Rufiji. Tangu hapo babu zetu waliokuwa wakiwinda kwa mitego na mishale wakajikuta majangili katika pori lao wenyewe. Huku ni tofauti. Wisconsin peke yake wanauza leseni zaidi ya nusu milioni kila mwaka za kuwinda kulungu kwa bunduki, na mnunuzi anaweza kuwa daktari, fundi bomba au mpakia mizigo ghalani kama mume wangu. Sharti, kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baada yake awe amepita darasa la usalama wa uwindaji. Baba Zuhura alilipita. Cheti chake amekibandika kwenye jokofu, pembeni ya ratiba ya zamu zangu.

Haikuwa hivi siku zote. Kulungu wa huku, mwenye mkia mweupe kwa chini, alikaribia kutoweka. Karne ya 19 watu waliwinda kwa ajili ya soko, nyama na ngozi zikapakiwa kwenye treni mpaka mijini. Kufikia mwaka 1900 Marekani nzima ilikuwa imebakiwa na kulungu wa aina hii wasiozidi nusu milioni hivi, na kusini mwa Wisconsin walikuwa wamekwisha kabisa. Mwaka huohuo wa 1900 Bunge lilipitisha sheria iitwayo Lacey, kuzuia nyama iliyowindwa kinyume cha sheria isivushwe kutoka jimbo hadi jimbo. Mwaka 1937 ikaja nyingine, Pittman-Robertson, iliyochukua kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki za uwindaji na risasi na kuipeleka kwenye hifadhi ya wanyama. Yaani mwindaji mwenyewe ndiye anayelipia wanyama waongezeke. Leo inakadiriwa kulungu hao ni karibu milioni 30. Wamekuwa wengi mpaka wanakula maua ya majirani zangu na kugongana na magari barabarani.

Je, mti uliingiaje? Zamani mwindaji wa huku alitembea taratibu msituni, au kundi la watu lilitembea kwa mstari na kuwafukuza kulungu kuelekea kwa wenzao waliojificha. Aliyebadilisha mambo ni mtu wa upinde. Mwaka 1934 Wisconsin lilikuwa jimbo la kwanza kuweka msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde na mshale. Mwenye bunduki anaweza kumpiga kulungu aliye mbali, lakini mwenye upinde anahitaji asogee mpaka hatua 20 au 30. Na kulungu ana pua, jamani! Harufu yako anaipata kabla hujamwona. Ukiwa juu futi 15 au 20, harufu yako mara nyingi inapita juu ya kichwa chake, na macho yake yamezoea kutafuta hatari chini, usawa wake. Kuna faida nyingine hata kwa mwenye bunduki. Anayepiga kutoka juu, risasi yake inaishia ardhini, haiendi kumtafuta mtu upande wa pili wa msitu.

Mwaka 1969 bwana mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, alipewa hataza ya upinde wenye magurudumu mwishoni mwa mikono yake, unaorahisisha kuvuta na kushikilia. Basi watu wa kawaida ambao hawakuwa na mabega ya kuvuta upinde wa zamani wakamiminika msituni. Wote hao walihitaji pa kukaa juu.

Mwanzoni walifanya kama sisi: mbao na misumari. Unapigilia vipande kwenye shina kama ngazi, juu unaweka ubao kati ya matawi mawili, kazi imekwisha. Tatizo, mti unakua na ubao unaoza. Mti ukinenepa unasukuma msumari nje. Baada ya miaka mitano ubao unaonekana mzima na haushiki kitu. Ndipo viwanda vikaanza kutengeneza madungu ya chuma, na baadaye ya alumini, ya kubeba mgongoni. Yako ya aina nyingi. Kuna lenye ngazi yake, kuna la vipande viwili unalopanda nalo mtini kama kiwavi, na kuna la kutundika, ambalo ndilo letu. La kutundika lina sakafu ndogo na kiti juu ya mhimili mmoja. Linafungwa kwenye shina kwa mnyororo au kwa mikanda kama ile ya kukazia mizigo kwenye malori, na unalifikia kwa ngazi fupifupi zinazofungwa shinani moja juu ya nyingine. Usipolihitaji unalishusha, na mti haujachomwa hata msumari mmoja.

Sasa nizungumze kama muuguzi. Mimi nafanya kazi wodi ya walioumia uti wa mgongo. Sheria ya hapa hainiruhusu kumsimulia mgonjwa yeyote, na hata ingeniruhusu nisingefanya. Ila naweza kusema kwamba Novemba kwetu wodini ina sura yake. Watu wengi wakisikia ajali ya uwindaji wanafikiri ni risasi. Katika majimbo mengi kinachowaumiza wawindaji wengi zaidi ni kuanguka kutoka kwenye hayo madungu. Na wengi hawaanguki wakiwa wamekaa. Wanaanguka wakipanda, wakishuka, au wanapotoka kwenye ngazi kukanyaga sakafu. Futi 15 zinatosha kuupasua mfupa wa kiuno. Mtu ameondoka nyumbani alfajiri na chupa ya kahawa, jioni tunamfundisha kujigeuza kitandani.

Mikanda ya kujifunga nayo ina historia yake, na historia hiyo imeandikwa kwa miili ya watu. Kwanza watu hawakujifunga kabisa. Kisha ikaja kamba au mkanda wa kiunoni. Ulizuia kufika chini, kweli, lakini ukianguka unapanda mpaka mbavuni na kukubana pumzi, na wako waliofia kwenye mkanda wenyewe. Ndipo ukaja mkanda wa mwili mzima, unaopita mabegani, kifuani na mapajani, na kuanzia miaka ya 2000 umekuwa ukiuzwa pamoja na dungu jipya. Hata huo una masharti. Ukining'inia miguu ikiwa imetulia, damu inabaki chini na unaweza kuzimia katika dakika chache tu, kwa hiyo lazima uwe na kitanzi cha kukanyagia ili misuli iendelee kusukuma damu. Na kuna kamba ya usalama inayoning'inia kutoka juu ya dungu mpaka chini ya mti. Unajiunga nayo kabla mguu haujaacha ardhi, kwa fundo la Prusik, fundo lililoenezwa na mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, mwaka 1931. Linateleza ukilisukuma kwa mkono, likivutwa kwa uzito linang'ata.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nikiwafundisha wagonjwa na jamaa zao. Halafu nyumbani kwangu mwenyewe nikawa kipofu.

Miaka miwili iliyopita, Novemba, Baba Zuhura alirudi kutoka msituni mapema, mchana, akasema hakuona kitu na baridi ilimshinda. Akaoga, akala, akacheka na watoto. Usiku alipojigeuza kitandani nikasikia pumzi yake imekatika kidogo. Kazi yangu ni kusikiliza pumzi. Nikawasha taa, nikainua fulana. Ubavu mzima mweusi.

Ndipo akasema. Mzee mwenye shamba, mwenzake wa kazini, alimpa sehemu ya kukaa, mbao zilizopigiliwa zamani kati ya matawi mawili. Hakuna egemeo, hakuna pa kunyoosha mguu, na ukingo wa ubao unakata nyuma ya mapaja. Alivumilia tangu saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Ilipofika saa tano miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akatoa risasi kwenye bunduki, akaishusha chini kwa kamba kama alivyofundishwa darasani, akaanza kushuka. Mguu wa kulia ukakanyaga, lakini yeye hakuhisi kama umekanyaga. Alijifunga? Alikuwa amejifunga alipokaa. Alifungua ili ashuke. Aliteleza, akagonga tawi kwa ubavu, tawi hilo ndilo lililompunguzia kasi, akatua kwenye majani makavu.

Ndugu zangu, nilikaa pembeni ya kitanda nikatetemeka. Niliona kitanda cha wodini kwangu, na yeye ndani yake, na mimi nikimpigia mama simu. Nilimwambia basi, mwisho. Nyama tutanunua. Akanyamaza muda mrefu, kisha akaniambia, "Mama Zuhura, kule juu ndiko mahali pekee katika nchi hii ambapo hakuna anayeniuliza nimetoka wapi. Nakaa kama nilivyokaa na marehemu baba dunguni." Mimi nimeishi huku miaka ya kutosha, hilo nililielewa bila maelezo.

Tukakubaliana. Atapanda, ila dungu nitachagua mimi.

Kabla sijasema nililochagua, niseme jambo moja zito, hasa kwenu mnaotaka kuja huku au mlioko tayari. Kabla ya kuchagua dungu, jua mti ni wa nani. Tarehe 21 Novemba 2004, kaskazini mwa jimbo hili katika wilaya ya Sawyer, mwindaji mmoja mhamiaji, Mhmong mwenye asili ya Laos, alikutwa amekaa kwenye dungu la watu wengine katika ardhi yao. Yalizuka maneno, kisha risasi. Watu 6 walikufa na 2 wakajeruhiwa. Mahakamani kila upande ulieleza kwa namna yake maneno yaliyotangulia, na mwaka 2005 mtu yule alihukumiwa kifungo cha maisha. Familia zile hazikurudishiwa watu wao, na Wahmong wengi wasiohusika kabisa waliingia msituni kwa hofu msimu uliofuata. Huku dungu ni kama dungu la Rufiji, lina mwenyewe. Baba Zuhura ana karatasi yenye ramani na ruhusa ya mzee, na mti wetu tulionyeshwa na mzee mwenyewe kwa mkono wake.

Haya, dukani. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye lile jepesi na la bei ndogo. Wanaume! Mimi nikamwomba muuzaji kitu kimoja, madungu yaliyofungwa kwenye nguzo ya maonyesho, karibu sana na sakafu, tuyakalie. Nikaweka simu yangu ihesabu dakika 20 kwa kila moja. Muuzaji alituangalia kama tumekosa kazi. Lakini fikirieni, mwishoni mwa Novemba mwanga wa kuwindia ni kama saa 10, kutoka alfajiri mpaka karibu saa kumi na nusu jioni. Na anayekaa kutwa ndiye mwenye bahati. Katikati ya Novemba madume wanatafuta majike na wanatembea hata adhuhuri, na wawindaji wengine wanapotoka kwenda kula mchana wanawaamsha kulungu waliolala. Kiti kisichovumilika dakika 20 dukani hakitavumilika saa 10 kwenye baridi.

Nilianza na urefu wa kiti. Nilitaka magoti yawe usawa wa nyonga, yasipande wala kushuka. Kiti kikiwa juu sana ukingo wake unabana mishipa nyuma ya paja, na hiyo ndiyo ganzi iliyomwangusha. Kikiwa chini sana unakunjana na kusimama kunakuwa kazi. Kwa urefu wa Baba Zuhura, inchi 21, kama sentimita 53, ndizo zilizomkaa. Nikaangalia kitambaa. Kiti cha sponji ni kitamu dukani, lakini kikinyeshewa kinakunywa maji, na makalio yaliyolowa kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri hayakai. Nikachukua cha wavu, kinachovutika kama kitanda cha kamba, maji yanapita, uzito unasambaa. Hapo nilimkumbuka Corbett na kitanda chake.

Kisha sakafu. Ndogo ni nyepesi kubeba, lakini nilitaka anyooshe mguu mzima na kuzungusha kifundo. Tukachukua yenye upana wa inchi 24 na urefu wa 30, yaani sentimita 61 kwa 76. Kiti kinajikunja juu ili asimame akiegemea shina. Miti haisimami wima kama nguzo za umeme, kwa hiyo nilihakikisha sakafu inaweza kurekebishwa ilale sawa hata mti ukiinama, la sivyo kutwa nzima unajizuia usiteleze, na kiuno ndicho kinacholipa. Mwisho nikasoma uzito linaobeba, paundi 300, kama kilo 136. Hapo unajumlisha mtu, makoti yote, viatu, mkoba na bunduki, si mtu peke yake akiwa na kaptula. Dungu lenyewe lina kama kilo 8. Bei ilimfanya akune kichwa. Nikamwambia siku moja ya kitanda cha wodini kwetu inanunua madungu mengi sana.

Mikanda ya kufungia inashushwa kila mwisho wa msimu, maana jua na panya huila. Kamba ya usalama ilitangulia kununuliwa kabla ya kiti. Na nikampa zoezi lilelile ninalowapa mnaposafiri kutoka Dar kuja huku, la kupandisha na kushusha vidole vya miguu kila nusu saa ili damu isigande. Kabla ya kushuka anasimama kwanza akiwa amejifunga, anakanyaga na kukanyaga mpaka ahisi nyayo zote mbili. Hilo ni sharti langu, na ameapa.

Novemba iliyopita alipanda. Jumamosi alikaa kutwa, hakupata kitu. Alishuka gizani na miguu yake mwenyewe, akanipigia akiwa bado chini ya mti, kama tulivyokubaliana. Jumapili, saa saba mchana, wakati wenzake wote wapo mezani, kulungu jike akapita. Akasema Bismillah, akapiga. Nyama tuligawana na mzee, tukapika pilau, na mzee akaomba apelekewe nyingine kazini. Zile mbao zake kuukuu walizibomoa pamoja wiki iliyofuata. Msimu ujao mzee naye anataka dungu la kutundika, na ameuliza kama mke wangu, yaani mimi kwa maneno ya Baba Zuhura, anaweza kwenda naye dukani.

Basi mama, waambie watoto wakufungulie ile picha tena. Safari hii usitazame bunduki wala koti. Tazama magoti yake, yako sawa na nyonga. Tazama nyuma ya shingo, utaona mkanda mweusi unakwenda kwenye mti. Mwanao amekaa vizuri.

Wengine mnaosoma, kama kuna aliye na habari za madungu ya zamani ya Rufiji, hasa wazee waliohamishwa mwaka 1968, niandikieni. Nataka Zuhura azijue. Tutaonana tena panapo majaliwa. Wasalaam.